Bati la Nyumba ya Mogesi

Jua lilimwamsha Mogesi kwa kumpiga usoni. Si jua la mlangoni, lile linaloingia kwa adabu na kuishia kwenye mafiga. Hili lilishuka kutoka juu moja kwa moja, likatua kwenye mto wake. Alikuwa bado nusu ndotoni, kwa hiyo hakushangaa. Alilala chali akitazama wingu jeupe likipita polepole juu ya kitanda, akaliona zuri sana. Kunguru naye akapita. Hapo akili ikamrudia. Wingu na kunguru, ndani ya nyumba yangu?

"Baba Robi!"

Nyuma ya zizi nyundo ilikuwa ikilia. Ikanyamaza ghafla, kama mtu aliyefumaniwa anakula nyama ya wenyewe.

Mogesi alijifunga kanga akatoka mbio. Akamkuta mumewe, Waitara, amepiga magoti kando ya gari lake, lile Pijo ambalo daktari wa misheni alimwachia siku anarudi kwao Ulaya. Bati lilikuwa limelazwa juu ya gogo la mkuyu. Nusu yake bado ilikuwa na migongo, nusu nyingine ilikwisha kupigwa ikalala chapati. Kuku walikuwa wamesimama pembeni wakiangalia kazi.

"Umeamka salama, Mama Robi?"

"Nimeamka nikiangalia mbingu. Ulipanda lini juu ya nyumba yangu?"

"Alfajiri. Sikutaka kukusumbua, jana ulichoka na msiba wa jirani."

"Eti hukutaka kunisumbua! Mwizi naye huwa hataki kusumbua."

Waitara alicheka kidogo, akaona mkewe hacheki, akaacha. Jamani, wanaume wengine Mungu amewaumba wakiwa wamelala, na hajawaamsha mpaka leo. Waitara alikuwa wa namna hiyo. Mpole, mrefu, macho yake kila wakati yanaangalia kitu ambacho wengine hawakioni. Ukimtuma chumvi anarudi na habari za ndege aliyemwona njiani, na chumvi hakuna.

Lakini hili la bati halikuwa la kucheka. Kwa Wakurya mwanamume ana mji, ana zizi, ana ng'ombe na mikuki yake. Nyumba ni ya mke. Mume huingia humo kama anayekaribishwa. Na nyumba ya Mogesi ndiyo iliyokuwa ya bati peke yake pale kilimani. Ilitokana na kahawa aliyoichuma kwa vidole vyake na kuibeba kwa kichwa chake, na tangu siku ile wanawake wa kilima kizima walipopita pale walimsalimia Mogesi kwanza, ndipo wakamsalimia mumewe.

Tena ulikuwa mwaka wa Operesheni. Mgambo walikwisha kutangaza: watu wote washuke bondeni kwenye kijiji kipya cha ujamaa kabla mvua za vuli hazijaanza. Kila mtu ang'oe anachoweza kung'oa, kitakachobaki kitabomolewa. Huko bondeni nyumba hazikuwapo. Kulikuwa na nyasi, na vigingi vilivyopangwa mstari mmoja ulionyooka. Mwenye bati lake angejisitiri. Asiye na bati angeipokea mvua kichwani pamoja na wanawe.

"Ukinimalizia bati," Mogesi alisema, sasa kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi, "huko bondeni nitalala chini ya nini? Chini ya maneno yako?"

"Nimechukua moja tu."

"Moja leo."

"Sakafu ya nyuma imeoza yote, Mama Robi. Mtu akikaa hapo anaangukia barabarani."

"Nani atakaa hapo? Hao kuku?"

 Waitara aliinamia bati lake. Mogesi alisubiri jibu mpaka akaona aibu kusubiri, akaenda kuwasha moto.

*

Hebu niseme ukweli, ile kazi ilipendeza kuitazama, hata kwa mtu mwenye hasira. Waitara alikuwa akichukua tindo na kuondoa kutu polepole, akikata mpaka afike kwenye chuma kilicho hai. Alikitambua kwa mlio. Chuma kilichokufa hujibu nyundo kwa sauti ya mkohozi. Kilicho hai kinaimba. Akishafika hapo, anatandika mfuko wa saruji juu ya tundu, anachora umbo lake kwa mkaa, anaukata, kisha anakata bati kwa kuufuata. Kwa kuwa bati la nyumba ni jembamba, alilikunja mara mbili. Madigadi, yale mabawa ya juu ya magurudumu yenye mviringo, aliyapiga ndani ya shimo alilochimba kwenye gogo, kidogo kidogo, akiligeuza bati kama mwanamke anayegeuza ugali. Misumari aliikata, akaitia kwenye matundu na kuigonga pande zote mbili mpaka ikawa ribiti. Mwisho akapaka lami aliyookota kwa watengeneza barabara wa Bomani.

Mchana jua likiwa kali, Pijo lilimeremeta vipande vipande, rangi ya zamani ya maziwa hapa, bati tupu pale. Ng'ombe wakirudi jioni walisimama wakajitazama mlangoni mwake. Waitara akisimama mbali kidogo, kichwa ameinamisha upande, Mogesi alijua mumewe hayupo. Yuko kwenye barabara fulani, upepo unampiga, vijiji vinapita. Zamani alipenda uso ule. Ndio uliomfanya akubali kuolewa, wakati dada zake wanamwambia, huyo hana hata shoka. Sasa, kila alipouona, alihesabu bati zake.

Majirani hawakunyamaza. Balozi wa nyumba kumi, mzee Nyamhanga, alikuja na kiti chake akakaa kutazama.

"Mura, kijana wangu, kwa nini unaanza na ngozi? Mtu anaanza na injini."

"Gari ni bodi, mzee. Injini ni moyo tu. Moyo hauna shida, unangoja mwili."

"Na petroli?"

"Ipo chupani. Kidogo. Nimeiongeza mafuta ya taa."

Mzee Nyamhanga alitazama juu ya paa, akaona tundu, akamtazama Mogesi kwa huruma. Ile huruma ilimuuma Mogesi kuliko tusi.

"Mama Robi," mzee alisema, "kama ni mizigo, mkokoteni si upo? Ng'ombe wapo."

"Mkokoteni unabeba samadi," Waitara alijibu haraka, na safari hii sauti yake ilikuwa na makali ambayo hakuna aliyeyazoea.  Nyundo ikaendelea.

*

Bati la pili lilipoondoka, Mogesi alikwenda kushitaki kwa mama mkwe wake.

Mokami alikuwa na kijumba chake cha nyasi upande wa pili wa mji. Miguu ilikwisha kumkataa kitambo, akawa mtu wa kukaa kwenye ngozi karibu na moto na kusikiliza. Aliujua mji mzima kwa masikio: nani ameamka na kisirani, ng'ombe gani anachechemea, nani anamdanganya nani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nimesikia unavyokanyaga, nikajua umekuja na kesi."

Mogesi akaimwaga yote. Bati, matundu, mvua inayokuja, huruma ya Nyamhanga. Alilia, kwa sababu mbele ya mama mkwe yule haikuwa aibu kulia. Mokami alichochea moto kwa kijiti, akangoja machozi yapungue.

"Hajakwambia alichokiona siku lori lilipobeba watu wa ng'ambo ya mto?"

"Mama, yule anasema nini? Anapiga bati tu."

"Basi mimi nitakwambia, ingawa mdomo unaona haya kulitamka."

Waitara alikuwa amesimama kando ya njia siku ile. Lori lilikuwa refu, halina ngazi. Vijana walipanda, wanawake walisukumwa, mbuzi walirushwa. Ikafika zamu ya ajuza mmoja asiyeweza kukunja goti. Wanaume wawili waliokuwa juu ya lori wakainama, wakamshika makwapani, wakamvuta kama gunia. Nguo ikamdondoka. Watu walifumba macho lakini walichelewa. Na mmoja wa wale waliomvuta, wakati wa purukushani ile, alikuwa mume wa binti yake. Mkwe! Mtu ambaye hata kivuli chake mama yule alikuwa akikikwepa njiani, ambaye hawakuwahi kula pamoja wala kutazamana usoni. Inasemekana ajuza huyo mpaka sasa hajatoa neno, anatazama tu ukuta, na kule bondeni ukuta wenyewe hakuna.

"Sasa," Mokami alisema, "lori la kilima chetu, mgambo wake ni nani?"

Mogesi alijua. Wote walijua. Alikuwa Heche, mume wa dada yake Waitara.

"Heche ni mkwe mzuri. Alileta ng'ombe wote wa mahari bila maneno, hajawahi kunikosea. Anishike makwapa mbele za watu? Sisi wawili tutaishi vipi baada ya hapo? Nilimwambia mwanangu, waambie waibomoe nyumba nikiwa ndani, sitapanda. Akasimama hapo mlangoni, unajua yeye haingii ndani. Kisha akasema, mama, utakwenda umekaa kwenye kiti chako. Nikadhani ni ndoto zake. Kesho yake nikasikia nyundo."

 Hasira haikumtoka Mogesi, ilisogea tu, ikaacha nafasi. Alimwonea mumewe uchungu, akamwonea na hasira upya kwa kunyamaza, mpumbavu yule, kana kwamba mke ni jirani. Tena akajionea haya mwenyewe. Na bado mvua ilikuwa inakuja. Hayo yote yalimkaa kifuani kwa pamoja na hakujua aanze na lipi.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja penye gari. Waitara alikuwa anashona gunia kwenye mlango wa nyuma, mahali kutu ilipotafuna pakabaki tundu la kupita mbuzi.

"Hilo ni nini?"

"Bati halitoshi. Gunia litafaa, nitalipaka lami."

"Watu waone miguu ya mama yetu kupitia gunia?"

Waitara aliinua kichwa. Akamtazama mkewe kwa muda, kama mtu anayerudi kutoka safari ndefu na kuukuta mji wake palepale.

"Umeambiwa."

"Nimeambiwa na aliyeona mimi ni mtu wa kuambiwa." Akamnyang'anya nyundo, akaenda akaegemeza ngazi kwenye nyumba yake, akapanda. Robi, binti yao, alitoka jikoni akashika ngazi huku akipiga kelele, mama utaanguka.  Mogesi aling'oa misumari ya bati la mwisho lililobaki juu ya kitanda chake, lile zuri kuliko yote, lisilo na kutu hata alama. Akalisukuma. Liliteleza juu ya paa likaanguka uani kwa kishindo, na ng'ombe wakashituka.

"Huo mlango uwe mzuri," alisema kutoka juu. "Usipokuwa mzuri, Waitara, wewe ndiye utakayelivuta hilo gari."

*

Siku ya kuhama ilifika na ukungu. Lori lilikuja likinguruma, Heche amesimama juu yake na kofia yake ya mgambo, anapiga kelele, haya haraka, haraka, serikali haingoji. Vitanda vikapanda, vyungu vikavunjika, mtu akamlilia kuku wake. Bati za Mogesi zilizobaki zikafungwa kamba na kurushwa juu kama kuni.

Ndipo Mogesi na Robi walipotoka kwenye kijumba cha nyasi wakiwa wamembeba Mokami kwenye ngozi yake. Heche akamwona. Mkubwa mzima yule, mwenye bunduki begani, aligeuka akatazama tairi la lori, akalitazama kwa bidii kana kwamba limeandikwa kitu. Na hakugeuka tena.

Wakamkalisha Mokami kiti cha nyuma, yaani benchi la mbao lililotandikwa ngozi, juu ya sakafu ya bati. Mlango ukafungwa. Ulifungika vizuri, ukatoa mlio mzito, na Waitara akautabasamia. Akatia hendeli mbele ya gari, akazungusha. Injini ikakohoa. Akazungusha tena. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi unaonuka kibatari, ikatikisika yote, ikafa. Akaizungusha mpaka shati likamganda mgongoni. Watu juu ya lori walianza kucheka, kwanza kwa kificho, halafu waziwazi. Siku ngumu kama ile, anayekuchekesha humwachii hivihivi.

"Mura, moyo umekataa mwili!" alipaza sauti Nyamhanga, na wote wakaangua kicheko.

Waitara aliacha hendeli.  Hakumtazama mtu, na Mogesi aliona kwamba sasa hivi mumewe ataamka, ataamka kabisa kutoka kwenye ndoto yake yote, na akaogopa hilo kuliko mvua.

"Robi! Lete nira."

"Mama?"

"Lete nira na minyororo ya plau! Unadhani tumewalisha hawa ng'ombe kwa ajili ya nini?"

Ng'ombe wanne wa kulimia wakafungwa mbele ya Pijo. Robi akashika fimbo. Mogesi akamfungulia mumewe mlango wa mbele.

"Kaa. Shika usukani."

"Mama Robi, watacheka."

"Wameshacheka. Kicheko hakina zaidi ya hapo. Kaa."

Akakaa. Ng'ombe wakavuta, minyororo ikanyooka, na Pijo, ambalo halikuwa limesogea tangu daktari aondoke, likasogea. Kwenye mteremko ikawa lenyewe linataka kuwapita ng'ombe, Waitara anakanyaga breki, ng'ombe wanageuka kutazama ni nini kinachowafuata. Ukungu ulikuwa bado mzito. Waliokuwa nyuma walisema gari lilikuwa haligusi ardhi, linaelea tu juu ya maziwa, na mbele yake pembe. Lori liliwapita likapiga honi. Hakuna aliyecheka tena, sijui kwa nini. Wengine walipunga mkono.

Mokami alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Kilima alikoolewa kilipita dirishani, mgomba kwa mgomba, kaburi la mumewe likapita, na hakulia.

"Waitara."

"Naam, mama."

"Wazungu hukaa hivi?"

"Hivi hivi, mama."

"Basi wanakaa vizuri."

Waitara aliigeuza njia iwe ndefu. Mogesi, aliyekuwa akitembea kando ya mlango, alimwona anazunguka mawe ambayo hayakuwa na haja ya kuzungukwa, na uso wake ulikuwa ule wa zamani. Akamwacha.

*

Katibu wa kijiji alikuwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi. Aliwasubiri penye vigingi.

"Gari hili la nani? Hapa ni kijiji cha ujamaa. Hatutaki mabepari."

"Bepari gani anavutwa na ng'ombe?" Mogesi aliuliza.

Watu waliokuwa karibu walicheka, na hilo lilikuwa kosa, kwa maana kijana mwenye madaraka hasamehi kicheko. Akafunua makaratasi yake, akawapa kiwanja cha mwisho kabisa, penye majimaji, ambapo hata vigingi vilikuwa vimeinama. "Mwenye gari atajua mwenyewe." Ng'ombe walilivuta Pijo mpaka katikati ya kiwanja, magurudumu yakazama kidogo, basi. Safari ikaishia hapo.

Waitara hakuwa amemaliza kuchimba shimo la nguzo ya kwanza mvua ilipofika. Haikupiga hodi. Ilitoka nyuma ya milima ikiwa nyeusi, ikaanguka yote kwa mkupuo. Kote bondeni watu walilia, wakavuta maturubai na ngozi na vitanda. Mogesi aliegemeza bati zake chache juu ya miti, upepo ukaziokota, moja ikaruka ikaenda zake majanini. Alisimama katikati ya matope, nywele zimemlowa, maji yanamwingia mdomoni, na hapo alikata tamaa kabisa. Nyumba yangu, alisema. Nyumba yangu jamani.

Mtu akagonga bati. Ko, ko, ko. Alikuwa Mokami, anagonga mlango wa Pijo kwa ndani.

"Mogesi! Umesimamia nini huko? Ingia na mwanao!"

Wakaingia. Mogesi alivuta mlango, ule aliougharimia kwa bati la kitandani mwake, na mvua ikabaki nje. Ilikuwa inapiga juu na kando, lakini ndani hakuna tone. Alipapasa sakafu, kavu. Alipapasa maungio ya milango, kavu. Ribiti zote zilikuwa zimekaa. Mokami alikuwa ametandika ngozi yake akajilaza, na kando yake kwenye sakafu ya bati kulikuwa na chungu cha makaa waliyotoka nayo kilimani, moshi ukitoka taratibu kwa dirisha lililo wazi kidogo. Palinuka nyumbani. Mogesi alilala ubavuni mwa mama mkwe wake, Robi miguuni, akasikiliza mvua kwenye bati lake mwenyewe, akaitambua sauti.

Nje Waitara alikuwa amejifunika gunia, amejibanza katikati ya ng'ombe. Mogesi alishusha kioo.

"Baba Robi! Hakuvuji!"

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kazi yako nzuri."

Waitara alicheka peke yake kwenye mvua, meno yote nje.

*

Asubuhi anga lilikuwa limeoshwa. Heche alikuja kwa mguu. Alisimama mbali, akaligeuzia Pijo mgongo, akaweka debe dogo chini, akasema akiwa anaangalia milima:

"Shemeji, hii ni petroli. Safi, haijachanganywa. Dereva wa lori kanipa. Na mwambie mama kwamba... mwambie nashukuru."

"Unashukuru nini?" Waitara aliuliza.

"Mwambie tu. Ataelewa." Akaenda zake bila kugeuka.

Waitara alimwaga ile ya kibatari, akatia hii. Mogesi akatoa chungu cha makaa akakipeleka mbali kwenye mafiga mapya.  Waitara akazunguka gari, akafuta bati kwa kiwiko, akashika kitasa cha mlango wa mbele.

"Waitara," Mokami alisema kutoka ndani. "Unakwenda wapi?"

"Kuwasha, mama. Petroli ipo."

"Mimi nimelala humu."

Mkono wa Waitara ulibaki kwenye kitasa.

"Nimelala humu, na moto wangu umewaka humu." Mokami alisema polepole, na hakuonyesha kufurahia kusema. "Wewe si mtoto. Umetahiriwa, umeoa. Unaingia anapolala mama yako?"

Kwamba usiku mmoja ungeligeuza gari kuwa nyumba, hilo hakuna aliyelifikiria. Wala Mogesi, wala Nyamhanga mwenye maneno mengi, wala Waitara aliyewaza gari hili kwa kila upande, ngozi na moyo. Alitaka kumsitiri mama yake, akamsitiri mpaka akamjengea nyumba; na nyumba ya mama mwanamume haingii.

"Lakini mama, tukikujengea kijumba, ukihama..."

"Mama alipolala, amelala, mwanangu. Mila hiyo sikuiweka mimi."

Waitara aliondoa mkono. Akautazama, akaufuta kwenye suruali. Machozi yalimjaa na hakuyaficha. Jana alikuwa ameendesha, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akivutwa na ng'ombe, na hakujua. Angejua, angezunguka mawe yote ya Tarime.

Mogesi alimtazama, na moyo ulimpasuka. Kisha akapandisha kanga yake, akafungua mlango wa mbele, akakaa mahali pa dereva. Akashika usukani kama mtu anayeshika pembe za ng'ombe asiyemjua.

"Mama Robi, unafanya nini?"

"Bati ni la nani?"

"Lako."

"Basi zungusha hicho kitu chako. Halafu uniambie nikanyage wapi."

Watu walikuwa wameanza kusogea. Katibu naye alitokea, suruali yake imejaa matope. Waitara alipangusa uso. Akatia hendeli, akazungusha mara moja, na injini ikashika, ikanguruma kwa sauti safi, bati zote zikaanza kuimba. Robi alipiga kigelegele. Nyuma, Mokami alishika benchi kwa mikono miwili.

"Mguu wa kushoto, ukanyage mpaka chini! Vuta hicho, hapana, juu, ndiyo! Sasa uachie pole, pole, kama unaweka yai chini!"

Pijo liliruka, likataka kufa, halikufa. Magurudumu yakararua matope, yakashika nyasi, likaenda. Waitara alikuwa akikimbia kando yake, mkono juu ya bati la mlango, anapiga kelele na kulia na kucheka, nyuma yake watu wa kijiji kizima wakikimbia pia.

Mogesi aligeuza kichwa amwone mumewe.

"Usinitazame mimi!" Waitara alipaza sauti, pumzi zikimwishia, mkono wake ukianza kuachwa na mlango. "Mbele, Mama Robi! Tazama mbele!"

Mogesi akatazama mbele.